Saladi ya jodari bila gluteni, ya kubeba kazini

Swali: Habari mtaalamu. Ninaishi Mikindani na ninafanya kazi Mtwara mjini. Nimepimwa damu na utumbo, daktari akaniambia nina ugonjwa wa siliaki, nisile kabisa chakula chenye gluteni. Chai ya asubuhi na chakula cha usiku nimeshavimudu, taabu ipo mchana. Mapumziko ni nusu saa, na karibu na ofisi kuna chapati, sambusa na samaki wa kukaanga. Nimejaribu kubeba saladi ya tuna ya kopo na mayonesi, lakini sina mkate wa kulia, ikifika saa saba imejaa maji, na saa tisa njaa imesharudi. Nile na nini? Mayonesi ni salama? Naweza kutumia jodari wa feri badala ya kopo? Friji ya ofisi ipo, ila umeme ukikatika hainifai kitu.

Jibu: Dada yangu, acha kuutafuta mkate. Mkate maalumu usio na gluteni ni ghali, huku kwetu ni wa kubahatisha, na mara nyingi ni wanga mtupu usio na makapi, yaani nyuzinyuzi. Saladi ya jodari ya kushibisha inataka vitu viwili ambavyo Mtwara havikosekani: muhogo wa kulia, na kunde au njugumawe za kuchanganya ndani yake. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai, nafaka ya jamii ya ngano. Muhogo, mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, viazi vitamu, mbaazi, kunde, korosho na nazi havina gluteni tangu shambani. Kwa hiyo sinia lako la mchana ni salama lenyewe. Hatari huingia kupitia vitu vidogo: unga aliopakiwa samaki, kiungo cha paketi, kisu kilichotoka kwenye mkate, mwiko uliokoroga tambi.

Na udogo huo usiudharau. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Kwa mgonjwa wa siliaki, miligramu 50 tu kwa siku, zikiendelea kuingia kila siku, zinatosha kuumiza utumbo hata kama tumbo halilalamiki. Bidhaa inayoandikwa kuwa haina gluteni, kwa kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, haitakiwi kuzidi miligramu 20 katika kilo nzima. Ndiyo maana kupangusa chenga za andazi mezani na kuendelea kula hakutoshi.

Kwanza saladi yenyewe, kwa mtu mmoja.

Tumia kopo moja la jodari, maana ukishamwaga maji au mafuta yake hubaki gramu 120 hivi za nyama, na hizo zinakupa protini kati ya gramu 25 na 30. Weka nusu kikombe cha kunde zilizochemshwa, nusu tango, nyanya moja ngumu, robo ya kitunguu maji, nusu ya pilipili hoho, vijiko viwili vya chakula vya embe bichi lililokwaruzwa kama ni msimu wake, kiganja cha majani ya giligilani, na pilipili mbuzi kadiri unavyoivumilia. Cha kuunganishia ni vijiko vitatu vya krimu ya korosho, nitakayoieleza hapa chini, pamoja na maji ya nusu ndimu. Pembeni weka muhogo wa kuchemsha wa gramu 250, yaani bakuli moja la wastani la vipande vidogo.

Kunde ndizo zinazoiondoa ile njaa ya saa tisa. Jodari ana protini nyingi lakini hana makapi hata kidogo, na mayonesi ni mafuta tu. Nusu kikombe cha kunde kinaongeza gramu 5 hivi za makapi na gramu 6 za protini, na kinatoa zaidi ya theluthi moja ya folati, vitamini ya kutengeneza damu, unayoihitaji kwa siku. Watu waliogunduliwa siliaki karibuni huwa wamepungukiwa folati na madini ya chuma, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa haukuwa ukivinyonya vizuri. Ndimu, hoho na embe bichi havipo hapo kwa ladha peke yake: vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye kunde.

Chagua kunde kwenye ungo, punje kwa punje, hata kama muuzaji anasema ni safi. Nafaka na kunde hupimwa kwa makopo yaleyale na husafirishwa kwenye magunia yaleyale, na punje ya ngano iliyojificha humo utaiona kwa macho ukitulia: ni nyembamba kuliko kunde na ina mfuo katikati ya tumbo. Kisha osha mara mbili, loweka usiku, mwaga maji, chemsha dakika 30 hadi 40. Ziive lakini zisipasuke. Njugumawe kavu zinataka saa mbili na zaidi, ila ladha yake na jodari ni nzuri kuliko kunde, kwa hiyo siku ya mapumziko chemsha nyingi, zigawe kwa nusu kikombe kwenye vifuko na uzigandishe. Choroko sizipendekezi kwa saladi hii, zinarojeka.

Sasa maji. Saladi yako inajaa maji kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwenye tango na nyanya. Ukichanganya kila kitu saa moja asubuhi na chumvi ndani, saa saba utakuta supu. Pasua tango kwa urefu, komba mbegu zote kwa kijiko, kata vipande, nyunyizia chumvi robo kijiko cha chai, acha dakika 10, kisha likamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka. Nyanya toa mbegu na uteute wake, tumia nyama ya pembeni tu. Kitunguu kikate chembamba, kifikiche kwa chumvi kama cha kachumbari, kioshe, kikamue. Kwa kuwa umeshatumia chumvi hapo, na jodari wa kopo ana chumvi yake, usiongeze nyingine.

Jodari naye akamuliwe. Fungua kopo, kandamiza kifuniko chake ndani huku umelipindua juu ya sinki mpaka matone yakome. Kama ni wa maji ya chumvi, msuuze haraka kwa maji safi na umkamue tena, chumvi inapungua sana. Wa mafuta ana nishati kubwa zaidi, lakini ladha yake ni tamu kuliko wa maji. Kama uzito wako ulishuka kabla ya kugundulika ugonjwa, chukua wa mafuta bila wasiwasi. Kopo la kuepuka ni lile la jodari aliyewekwa kwenye sosi au viungo, maana sosi hufanywa nzito kwa unga, na unga huo mara nyingi ni wa ngano.

Lebo za makopo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya kukamata ni manne: wheat, barley, rye na malt. Ukiona lolote kati ya hayo, rudisha kopo rafuni. Neno oats nalo liache, isipokuwa kama pakiti imeandikwa waziwazi gluten free. Na usidanganyike na wheat free. Hiyo maana yake haina ngano, lakini shayiri inaweza kuwemo.

Kuhusu mayonesi: mayai, mafuta na siki havina gluteni. Mayonesi huharibiwa na mambo mawili, siki ya shayiri, ambayo kwenye lebo utaisoma malt vinegar, na unga wa kuongezea uzito. Soma, na ikiwa safi itumie, kijiko kimoja na nusu kinatosha. Lakini chupa iwe yako peke yako. Chupa ya mayonesi, kopo la siagi na jamu za nyumbani vinachovywa kisu kilichopita kwenye mkate, na chenga hubaki humo wiki nzima. Andika jina lako kwenye kifuniko na uwaeleze wa nyumbani sababu yake, hasa watoto.

Mimi ningekushauri uachane na mayonesi, utengeneze krimu ya korosho. Uko katika mkoa wa korosho, na vipande vilivyovunjika huuzwa bei nafuu kuliko nzima ilhali ladha ni ileile. Nunua zisizo na viungo vya kupakaa juu. Chukua gramu 60, karibu nusu kikombe, zimiminie maji ya moto, funika dakika 20. Mwaga maji hayo. Tia kwenye blenda pamoja na vijiko vinne vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, maji ya ndimu moja, punje ndogo ya kitunguu saumu na chumvi kidogo sana. Saga, simamisha, komba pembeni, saga tena, mpaka ukiipangusa kidoleni usisikie chenga. Ikibaki na chenga, ama hazikulowa vya kutosha ama maji yaliingia yote kwa mpigo na korosho zikawa zinaogelea badala ya kusagika. Anza na vijiko viwili vya maji, ongeza baadaye.

Bila blenda, tumia kinu. Hapo usiloweke: twanga korosho kavu za kukaanga mpaka mafuta yaanze kung'aa na unga kushikana, ndipo uongeze maji ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Inatoka nzito, ya rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na kwa ladha naipenda kuliko ya blenda. Lakini kinu cha mbao kilichowahi kutwanga ngano usikitumie. Mbao hunywa unga kwenye nyufa zake na sabuni haiufikii.

Kiasi hicho kinatosha milo miwili hadi mitatu. Kwenye friji hukaa siku 3, siyo zaidi. Tui zito la nazi pia hufanya krimu nzuri kwa saladi ya kuliwa papo hapo, ila kwa chakula cha kubeba liache kabisa, joto la Mtwara hulichachusha kabla ya mchana.

Muhogo. Nunua muhogo mtamu kwa muuzaji unayemwamini, uliochimbwa siku hiyo au jana yake. Uvunje: ndani uwe mweupe mtupu. Mistari ya buluu iliyokolea au ya kahawia inakuambia umekaa siku mbili tatu, na huo utaiva vibaya na kuacha uchungu. Ondoa ganda la nje pamoja na lile la ndani, pasua katikati, ng'oa uzi wa moyo, kata vipande vya sentimita 2, osha, chemsha kwenye maji mengi dakika 15 hadi 20. Mwaga maji yake, usiyafanyie mchuzi. Muhogo mchungu haufai kwa njia hii hata kidogo: una sumu ya sayanaidi nyingi kuliko ambayo kuchemsha kunaweza kuitoa, na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara kwa watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ukiuonja mchungu baada ya kuiva, tupa.

Watu wengi hulalamika kuwa muhogo uliopoa unakuwa kama mti. Ni kweli, wanga wake ukipoa hujikaza. Dawa yake ni kuukamata ukiwa bado una mvuke: baada ya kumwaga maji, mimina kijiko kimoja cha mafuta na maji ya nusu ndimu, pepeta sufuria ili kila kipande kipakike, funika mpaka upoe. Mchana utakuwa laini vya kutosha. Viazi vitamu havina shida hiyo, na wiki ya kazi nyingi vinatosha. Wali baridi nao unafaa, ila upoze upesi kwa kuutandaza kwenye sinia na uuweke kwenye friji ndani ya saa moja. Wali ulioachwa kwenye sufuria usiku kucha huzalisha sumu ya bakteria ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Viungo vinataka tahadhari yake. Bizari ya mchuzi ya paketi, vidonge vya supu na sosi ya soya huweza kuwa na ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mvuje wa dukani, ule wa unga unaotiwa kwenye achari na vyakula vya Kihindi, kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano ili umiminike, na hili wengi hawalijui. Kwa saladi yako huhitaji chochote cha paketi. Nunua pilipili manga na bizari nyembamba zikiwa nzima, zikaange kavu kidogo, zisage mwenyewe.

Sasa jodari wa feri. Ndiyo, anafaa, tena ni mtamu kuliko wa kopo. Hata sehewa anafaa, na zebaki yake, madini yenye sumu yanayojikusanya kwenye samaki, huwa ndogo kuliko ya jodari mkubwa. Ila masharti yake ni makali kuliko ya changu au tasi, na naomba uyashike.

Jodari, sehewa, nguru na vibua wana kitu katika nyama yao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Histamini haifi kwa moto. Ukimchemsha, ukimkaanga, ukimbanika, ipo palepale. Aliyeila hupata uso kuwa mwekundu na moto, mwili kuwasha, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kuhara, ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Kwako hili lina uzito wa pekee kwa sababu utadhani umekula gluteni, uanze kutafuta unga usiokuwepo. Ishara ya kutofautisha ni ule wekundu na mwasho wa haraka, pamoja na ladha ya pilipili mdomoni ambayo hukuitia. Ukikutana na ladha hiyo, acha kula palepale. Ukianza kubanwa kifua au kupumua kwa shida, nenda hospitali bila kusubiri.

Kwa hiyo nenda feri asubuhi boti zinaposhusha, na beba deli lako lenye barafu. Kipimo kizuri kwa joto letu ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Muulize muuzaji samaki alikuwa kwenye barafu tangu lini, na kama yumo juani mezani, pita. Samaki mzima awe na jicho lililojaa na linalong'aa na mashavu mekundu. Kipande kilichokatwa kiwe chekundu kilichokolea, kikavu juu, na ukikibonyeza kidole kirudi. Nyama ya rangi ya udongo yenye kuteleza usiinunue hata kwa nusu bei. Ile nyama nyeusi iliyo ubavuni karibu na uti itoe, ndiyo ya kwanza kuharibika na ina harufu kali kwenye saladi baridi.

Kipande cha gramu 160 kitakupa gramu 120 za nyama iliyoiva. Chemsha maji ya kumfunika pamoja na chumvi kidogo, vipande vitatu vya tangawizi na nusu ndimu. Yakitokota, punguza moto mpaka yatikisike tu, mtumbukize, acha dakika 10 kwa kipande cha unene wa sentimita 3. Epua, mwache humo dakika 5 nyingine. Maji yakichemka kwa fujo nyama hukakamaa na kuwa kavu kama nyuzi za gunia. Akishapoa, mfungue kwa vidole. Nyama nzuri hufunguka kwa tabaka safi, zenye rangi ya kahawia hafifu. Ukiona ndani ina vitundu vitundu kama sega la nyuki, huyo alianza kuoza kabla hajapikwa, mtupe wote, hata kama hanuki.

Samaki wa kukaanga wa kununua pale feri au kwa mama ntilie usimtumie. Wengi hupakiwa unga wa ngano asigande kwenye kikaango, na hata ambaye hakupakiwa amepita kwenye mafuta yaliyokaanga wenzake, au sambusa. Kumbambua ngozi hakusaidii, kwa sababu mafuta yamekwisha kuingia.

Mpango wa muda uwe hivi. Jioni, wakati chakula cha usiku kinapikwa, chemsha kunde na muhogo, saga krimu. Asubuhi kinabaki kisu na ubao tu, dakika 10. Fungasha kwa mafungu: jodari na kunde vikiwa vimechanganywa na krimu kwenye bakuli moja lenye kifuniko kinachokaza, mboga zilizokamuliwa kwenye jingine, muhogo kwenye la tatu. Changanya ukiwa umeshakaa mezani. Nyumbani kama kuna anayekanda chapati muda huo, subiri amalize na ufute meza kwanza, unga wa ngano huelea hewani na kutua kwenye kila kilicho wazi. Chekecheo la ngano, kibao cha chapati na mwiko wa mbao viwe vya wengine. Wewe kuwa na mwiko wako, ubao wako na chujio lako. Masufuria, visu na sahani za chuma au za udongo hazina shida, zioshe tu kwa sabuni na sponji safi.

Chakula chenye samaki kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1. Kutoka Mikindani hadi mezani kwako saa saba ni zaidi ya hapo. Gandisha chupa ya maji ya nusu lita usiku, iweke katikati ya mabakuli ndani ya begi la kuhifadhi baridi, na ukifika liweke lote kwenye friji. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushikilia baridi saa 4 hivi, ila ya ofisi hufunguliwa kila dakika, kwa hiyo itegemee chupa yako zaidi. Chupa ikiwa bado ina barafu ndani saa saba, chakula kimekaa salama. Ikiwa maji ya vuguvugu, usile samaki huyo.

Kwa siku ambazo umeme unasumbua kuna njia bora zaidi, na kwa hali yako ningeifanya ndiyo ya kawaida: beba kopo likiwa limefungwa, lile la kuvuta kwa kidole. Jodari aliye ndani ya kopo lisilofunguliwa hahitaji baridi. Beba mboga zilizokamuliwa, muhogo uliochemshwa asubuhi hiyohiyo, ndimu nzima, chupa ndogo ya mafuta ya alizeti au ufuta, na korosho kavu kiganja kimoja badala ya krimu. Kunde zitie kwenye hotpoti zikiwa zinatokota. Ofisini unafungua kopo, unamwaga maji yake, unakamulia ndimu, unachanganya. Ni dakika 3, bado una dakika 27 za kula kwa utulivu. Jodari akibaki, usimwache kwenye kopo, mhamishie bakuli la plastiki au kioo, na kwenye friji asizidi siku 2.

Mezani ofisini tandika kitambaa chako kabla ya kuweka bakuli, na utumie kijiko chako. Mwenzako akitaka kuonja, mpe kwenye sahani yake. Kijiko chake kilichogusa andazi kisirudi kwenye bakuli lako.

Usile jodari kila siku. Mara tatu kwa wiki kwa wa kopo inatosha. Ukiwa mjamzito, jodari mkubwa wa feri asizidi mara moja kwa wiki kwa sababu ya zebaki. Siku nyingine weka mayai mawili ya kuchemsha, au dagaa wakavu waliochambuliwa, wakaoshwa na kukaangwa kwenye kikaango chako mwenyewe. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanakupa kalisiamu ambayo jodari hana, na wewe unaihitaji: siliaki hudhoofisha mifupa kimyakimya.

Nyongeza mbili, moja yako na moja ya wasomaji wengine. Yako: kama asubuhi unakunywa uji wa unga wa lishe, angalia umechanganywa nini. Mchanganyiko mwingi wa dukani na wa mashineni una ngano pamoja na mahindi, soya na karanga. Kachanganye wako, na usage kwenye mashine isiyosaga ngano, au wahi asubuhi baada ya mashine kusafishwa, kisha kilo ya kwanza itakayotoka wape kuku.

Ya wengine: ukihisi ngano inakusumbua na hujapimwa, usiiache kabla ya kipimo. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiiacha miezi kadhaa kisha ukaenda kupimwa, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao, na daktari atalazimika kukurudisha kwenye ngano kwa wiki kadhaa ndipo akupime upya.